Mbona Ile Inakwenda na Hii Imesimama? Mbio za Matanga Siku za Upepo Haba Ziwa Victoria

Mgeni akifika Kaazi, kusini ya Kampala, ilipo klabu ya Victoria Nyanza Sailing Club, akakuta mashua za matanga zimetapakaa ghubani na upepo hautikisi hata jani la mgomba, swali lake la kwanza huwa hilo hilo: mbona zimesimama? Akiambiwa kwamba hazijasimama, ziko mashindanoni, hucheka. Baada ya nusu saa anatazama tena na kuona mashua moja imetangulia wenzake mita mia mbili, na hakuna aliyeiona ikienda. Hapo swali linaanza kuwa la maana.

Jibu la haraka ni kwamba aliyetangulia kabahatika. Siku moja moja, kweli. Lakini kwenye klabu yoyote ukipekua matokeo ya msimu mzima utakuta wanaoongoza siku za upepo haba ni watu wale wale, na bahati haina desturi ya kurudia mlango mmoja kila wiki. Ninavyoona mimi, mambo ni mawili. La kwanza, upepo haba si upepo usiokuwepo. Ni upepo uliogawanywa vibaya, upo pale na hapa haupo. La pili, mwendo wa mashua siku hiyo ni kama akiba ya fukara: kuukusanya ni kazi ya dakika nzima, kuupoteza ni kitendo kimoja cha pupa. Mengine yote, kuanzia sheria hadi hesabu za matokeo, yanazunguka hayo mawili.

Tuanze na upepo wenyewe, na kwanza utulivu wa nchi za baridi, tuulinganishe na wetu. Uingereza na Marekani, vilabu vingi havifungi milango wakati wa baridi. Karibu na New York, kwenye kisiwa cha Long Island, mbio za mashua ndogo katikati ya baridi kali zimekuwapo tangu mwanzoni mwa 1932, na watu hushindana wakiwa wamevaa kama wavuvi wa barafuni. Siku tulivu kabisa huko huja pale kanieneo kubwa la hewa linapotua juu ya nchi: anga limetakata, jua ni dhaifu, hewa baridi imelala juu ya maji. Huko juu upepo unaweza kuwa unavuma vizuri tu, lakini hewa baridi ni nzito, haipandi, na isipopanda ile ya juu haipati nafasi ya kushuka. Upepo unapita juu ya mlingoti wako na wewe huambulii kitu.

Uganda hatuna baridi ya namna hiyo. Ikweta inakatiza ziwani, na kati ya Juni na Agosti, ambayo ni majira ya baridi kwa nchi za kusini mwa dunia, sisi hupata upepo wa kusini-mashariki, ndugu wa kusi linalovuma Mombasa na Unguja. Uhaba wa upepo kwetu unafuata saa zaidi kuliko miezi. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa ikatoka barani kuelekea ziwani. Mchana jua huipasha nchi kavu kuliko maji, hewa ya barani ikapanda, na ya ziwani ikaja kujaza nafasi yake. Kwa kuwa Kaazi, Munyonyo na Entebbe ziko pwani ya kaskazini ya ziwa, upepo huo wa mchana huja kutoka kusini. Katikati ya zamu hizo mbili, tuseme kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tano au hata sita, joto la maji na la nchi kavu hukaribiana na hakuna wa kumsukuma mwenzake. Panga mbio zako saa nne asubuhi uone.

Wanaojua hawakai wakilalamika muda huo. Wanatazama vilima. Mawingu madogo meupe yakianza kuota juu ya Buziga na Muyenga, maana yake hewa ya nchi kavu imeanza kupanda na upepo wa ziwani hauko mbali. Wanatazama moshi wa tanuri za samaki kwenye mialo, unainamia wapi. Wanatazama hata wale wadudu wa ziwani wanaopaa kwa mamilioni na kuonekana kwa mbali kama nguzo za moshi. Nguzo ikianza kulala upande, pale kuna upepo. Na zaidi ya yote wanatazama maji. Maji yasiyo na upepo hung'aa kama kioo. Yakiguswa na upepo hata mdogo hutokea viwimbi vidogo mno, mwanga hautui tena juu yake sawasawa, na mahali hapo huonekana pameiva weusi. Doa hilo jeusi ndilo upepo wako. Lingine lolote ni matumaini.

Kwa nini doa dogo kama hilo liwe na thamani hivyo? Hesabu ni rahisi, ila watu huisahau. Nguvu ya upepo juu ya tanga hupanda kwa mraba wa kasi yake. Upepo wa kilomita 10 kwa saa hausukumi mara mbili ya ule wa kilomita 5, unasukuma mara nne. Hata tofauti ndogo ina uzito: mashua iliyo kwenye upepo wa kilomita 7 kwa saa ina karibu maradufu ya nguvu aliyonayo jirani yake kwenye kilomita 5, na mtu aliye ufukweni hawezi kuona tofauti yoyote kati ya hizo mbili. Ndiyo siri ya zile mita mia mbili. Siku ya upepo mkali, kilomita mbili za nyongeza hazina maana kwa yeyote.

Kuna na jambo la mwinuko. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Upepo wa kasi ile ile, kwa hiyo, unasukuma tanga kwa nguvu pungufu kwa kiasi hicho hicho. Nahodha aliyezoea bahari akija huku hulaumu mashua ya kuazima. Mashua haina kosa.

Sasa upande wa pili, yaani kutopoteza mwendo. Mashua ndogo inayotumika sana duniani kwa mbio za vilabu ni Laser, ambayo siku hizi huitwa ILCA, iliyochorwa na Mkanada Bruce Kirby na kuingia Olimpiki mwaka 1996. Urefu wake ni mita 4.2, tanga lake kubwa lina mita za mraba 7.06, na bodi yake ina kilo 59 tu. Soma hiyo namba ya mwisho tena. Mtu mzima wa kawaida ni mzito kuliko chombo alichokalia, kwa hiyo mahali anapokaa ndipo mashua inapolalia. Kijana wa kilo 55 siku ya upepo haba humfundisha adabu baba yake mwenye kilo 90, na wala si kwa ujuzi.

Mtazame anayejua kazi. Amesogea mbele mpaka karibu na mlingoti, amekunja miguu kama mtu aliyebanwa kwenye matatu, na ameiacha mashua iinamie upande wa demani, upande upepo unakoelekea. Haionekani kuwa raha, na si raha. Lakini mashua ikienda polepole, kinachoizuia zaidi ni msuguano wa maji kwenye ngozi yake, si mawimbi inayoyaumba. Tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua hizi, ni pana na bapa. Ukikaa nyuma inazama na kuburuta maji. Usijisumbue kugeuka kuangalia, sikiliza tu: maji yakibubujika nyuma yako, umekaa nyuma mno. Kule kuinamisha nako kuna sababu mbili. Sehemu ya bodi inayogusa maji inapungua, na tanga, ambalo upepo hauna nguvu ya kulijaza, linaning'inia kwa uzito wake lenyewe na kupata umbo.

Umbo hilo lina fumbo lake. Wengi hudhani upepo ukipungua ni lazima tanga liachwe lijae tumbo kubwa ili lishike kila kitu. Kwa upepo wa wastani mdogo, ni kweli. Upepo ukishuka kabisa, ule wa moshi kwenda karibu wima, tanga lenye tumbo kubwa linadhuru, maana hewa dhaifu haiwezi kuufuata mpindo mkali. Inaachana na kitambaa na kubaki ikizunguka bure. Hapo tanga linahitaji kuwa bapa kiasi. Ili kujua hewa imeachana na tanga au la, hubandikwa nyuzi nyepesi pande zote mbili. Zikilala sawia, hewa inapita vizuri, uzi mmoja ukirukaruka, kuna kasoro upande huo. Manahodha wengine hupendelea kipande cha utepe wa kaseti kuukuu kuliko uzi wa sufi, kwa sababu sufi ikilowa inakuwa nzito na utepe haunywi maji. Ndiyo kazi pekee iliyobaki kwa kaseti za zamani.

Kisha kuna ubao wa chini, ule unaoshushwa katikati ya mashua. Huu ndio unaozuia mashua isisukumwe ubavu, lakini unafanya kazi hiyo pale tu maji yanapoupitia kwa kasi. Mashua ikisimama, ubao ni mbao tu. Kwa hiyo anayejaribu kupiga bisho, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kugeuzageuza, akaielekeza omo, pua ya mashua, karibu mno na unakotoka upepo, akidhani anafupisha njia, anapunguza mwendo, ubao unaacha kushika, na anaanza kwenda ubavu bila kujua. Omo yake inaelekea boya huku yeye anaelekea kwingine. Mwenzake aliyelegeza kidogo kamba ya tanga, na kuacha omo igeukie mbali na upepo nyuzi chache, yaani digrii, anaonekana kama anakwenda mbali, kumbe ndiye anayefika.

Hapa ndipo panapowatatiza hata wazoefu. Ili kufika kwenye boya lililo upande wa upepo ni lazima upige bisho, uende kushoto, ugeuze, uende kulia, ugeuze tena. Kila kugeuza kunakula mwendo, na siku ya upepo haba mwendo ukienda hurudi kwa kusitasita. Kwa hesabu hiyo, geuza mara chache iwezekanavyo. Lakini siku hizo hizo ndizo upepo unapobadilika mwelekeo kwa kiasi kikubwa, na mabadiliko hayo ni mali. Chukua mashua mbili zilizoachana mita 100 kwa upana, zote zikiwa sawa katika mbio. Upepo ukigeuka nyuzi 10 tu, ile iliyo upande unakogeukia inapata faida ya kama mita 25, bure, bila kufanya lolote. Kwa hiyo swali la nahodha kila mara ni hili: je, mgeuko huu wa upepo unalipa zaidi ya gharama ya kugeuza mashua? Nyuzi tatu hazilipi. Nyuzi 15 zinalipa sana. Kati ya hapo ndipo watu wanapotofautiana, na sioni kama kuna kanuni itakayokuokoa. Ninachoweza kusema ni kwamba wengi wetu hugeuza kwa sababu ya wasiwasi, kumwona mwenzetu anakwenda, kuliko kwa sababu ya upepo.

Kukaa nyuma ya mtu pia kuna bei yake. Tanga lililo mbele yako linakula upepo na kukuachia uliovurugika, na uvurugikaji huo hufika umbali wa milingoti kadhaa. Siku ya upepo mkali unajikwamua. Siku ya upepo haba umefungwa gerezani, na njia ya kutoka ni kugeuza, yaani kulipa tena.

Sheria nazo zinabana. Mbio za matanga duniani kote huendeshwa kwa kanuni za World Sailing, shirika la dunia la mchezo huu, zinazopitiwa kila baada ya miaka minne. Za sasa zilianza tarehe 1 Januari 2025. Kanuni ya 42 ndiyo inayokumbukwa siku za utulivu, kwa kuwa inasema mashua iendeshwe kwa upepo na maji peke yake. Huruhusiwi kulipepea tanga mara kwa mara kama bawa, wala kuiyumbisha mashua huku na huku, wala kujitupa mbele na kusimama ghafla, wala kupigapiga usukani kama kafi. Kwenye mashindano makubwa waamuzi huwa majini na bendera ya njano, na anayenyooshewa mara ya kwanza hulazimika kuzungusha mashua mara mbili. Kwenye klabu mara nyingi hakuna mwamuzi majini, kuna dhamiri tu na jirani mwenye macho. Kitu kimoja kimeachiwa: wakati wa kugeuza, unaruhusiwa kuilaza mashua kwa mwili wako na kuinyanyua upande wa pili ili igeuke vizuri, mradi ikimaliza kugeuka isiwe na mwendo kuliko ambao ingekuwa nao bila kugeuza. Wajanja huishi kwenye mstari huo.

Msaada wa nje nao ni marufuku. Ni jambo la kawaida wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wakirudi na boti zao za injini wakamwona mtu ameduwaa katikati ya ghuba, wakapunguza mwendo kwa huruma: "Ssebo (bwana), tukuvute?" Jibu ni "Webale (asante), ssebo, lakini siruhusiwi," na sura wanayokutazama nayo haihitaji mkalimani.

Kuhusu kuanza sitasema mengi. Ishara ni dakika tano, nne, moja, kisha mbio. Siku ya upepo, unaweza kuja kwa kasi dakika ya mwisho. Siku ya utulivu, aliye mita 50 nyuma ya mstari ishara ikilia ameshamaliza mbio zake. Na anayevuka kabla ya wakati, akalazimika kurudi, naye ni vivyo hivyo. Ukigusa boya, zunguka mara moja. Ukimkosea mwenzako, kwa mfano ukamkatiza wakati upepo wako unaingilia mkono wa kushoto na wake wa kulia, zunguka mara mbili, na mizunguko miwili bila upepo inatosha mtu kunywa chai.

Magugu maji ni mzigo wetu sisi. Yameingia Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na shada moja likinasa kwenye ubao au usukani, siku ya upepo mkali hulihisi kidogo tu. Siku ya utulivu umetia nanga. Mashua yako ikianza kuachwa bila sababu, kabla ya kugusa tanga au kubadili njia, nyanyua ubao, ushushe tena, kisha pitisha mkono kwenye usukani. Angalau usipinduke, karibu na mafunjo na magugu ndiko kwenye konokono wa kichocho.

Kamati ya mbio nayo ina vyombo vyake vya kazi. Bendera ya mistari myekundu na myeupe na honi mbili: tunasubiri. Bendera nyeupe yenye mraba wa buluu katikati, honi mbili: njia imefupishwa, mtamalizia hapo. Honi tatu na bendera ya miraba ya buluu na nyeupe: mbio zimefutwa. Zikiwekewa muda wa mwisho, kanuni ya kawaida ni kwamba mashua moja ikimaliza ndani ya muda huo, waliobaki wanaweza kuendelea na watahesabiwa. Kamati nzuri hufupisha mapema. Pia huwa na jicho kwenye mawingu marefu, kwa sababu utulivu wa ziwa hili wakati mwingine ni wa kabla ya dhoruba. Pwani hii ya kaskazini ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na mlingoti wa alumini katikati ya maji tambarare ni mahali pabaya pa kukaa. Honi tatu zikilia kwa sababu hiyo, hakuna wa kubisha.

Mwisho huja karatasi ya matokeo, inayozua kelele kuliko mbio. Mashua za aina tofauti zikishindana pamoja, hutumika namba za Portsmouth, ambazo kila aina ya mashua hupewa kulingana na kasi yake: unachukua muda aliotumia mtu, unazidisha kwa 1000, unagawanya kwa namba ya mashua yake. Tuseme mashua ya polepole yenye namba 1100 imetumia dakika 66. Inahesabiwa dakika 60 kamili. Mashua ya kasi yenye namba 950 imetumia dakika 58. Inahesabiwa dakika 61 na sekunde 3. Aliyefika kwanza kashindwa. Mfumo huo ni wa haki pale upepo unapokuwa mmoja kwa wote. Lakini fikiria asubuhi ya Kaazi. Mashua ya kasi imekokota njia nzima kwenye utulivu na kumaliza saa tano na nusu. Saa tano na dakika arobaini upepo wa kusini unaingia, na walioko nyuma wanamalizia kipande chao cha mwisho wakiwa wamejaa tanga. Kihesabu, wao ndio mashujaa. Upepo ukifa badala ya kuingia, kinyume chake: waliotangulia wamemaliza, na walio nyuma wanaota jua. Namba haijui upepo ulikuja saa ngapi.

Ndiyo maana wapo wanaodai siku za upepo haba zisihesabiwe. Kwa kawaida mshindi hupata alama 1, wa pili 2, na kuendelea, mwenye alama chache ndiye bingwa wa msimu, na kila mtu huruhusiwa kutupa matokeo yake mabaya, moja au zaidi. Wazito wa mwili huzitupa siku za utulivu, wepesi huzitupa za dhoruba. Mimi nasema zihesabiwe, kwa sababu ghuba hii ndivyo ilivyo na atakayesubiri upepo kamili atashindana mara chache mno. Kinachotakiwa ni ratiba. Mbio zikisogezwa kutoka saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, nusu ya malalamiko yataisha. Nusu nyingine ni ya kilo, na hilo haliko mikononi mwa kamati.